"UN wako wapi?": tunacholaumu, na nani hasa wa kulaumiwa

Kila vita vikilipuka, swali ni lile lile: "UN wako wapi?" Ni swali la haki. Ila anayeuliza, anayejibu na anayelaumiwa mara nyingi kila mmoja ana kitu chake kichwani. Jina hilo moja, la Umoja wa Mataifa, limebeba vitu vitatu. Kuna nchi 193 zilizo wanachama, ambazo ndizo zinazopiga kura. Kuna watumishi wa Sekretarieti wanaotekeleza walichoagizwa na nchi hizo. Halafu kuna mashirika na mifuko lukuki, kila moja na bodi yake na hesabu zake. Dhana potofu nyingi kuhusu Umoja wa Mataifa huzaliwa pale watu wanapovichanganya vitatu hivi, na UN yenyewe, kwa lugha yake ya vifupisho na kauli za tahadhari, haijasaidia sana kuvitenganisha.

"UN ni serikali ya dunia"

Serikali hutoza kodi. UN haiwezi, inaishi kwa michango ya wanachama, inayokadiriwa kwa uwezo wa kila nchi, kuanzia asilimia 0.001 ya bajeti ya kawaida hadi kikomo cha asilimia 22. Serikali humfikisha mdaiwa mahakamani. Adhabu ya UN kwa nchi yenye malimbikizo ya deni yanayofikia michango ya miaka miwili ni kunyimwa kura katika Baraza Kuu, kikao cha nchi zote wanachama, basi. Maazimio ya Baraza Kuu nayo, ukiondoa mambo ya ndani kama bajeti, ni mapendekezo. Na Mkataba ulioiunda UN, uliotiwa saini San Francisco tarehe 26 Juni 1945 unasema wazi, kifungu cha 2(7), kwamba UN haina ruhusa ya kuingilia mambo yaliyo ya ndani ya nchi, isipokuwa Baraza la Usalama linapochukua hatua za kulinda amani.

Hata hivyo uvumi huu haufi. Mwaka 2018, mkataba wa uhamiaji ulipokuwa unapelekwa Marrakech, Morocco, kupitishwa, ilienezwa kwamba nchi zitalazimishwa kufungua mipaka. Maandishi yenyewe yalisema kwamba hayafungi kisheria na kwamba kila nchi inabaki na mamlaka juu ya sera yake ya uhamiaji. Lakini mvumi anahitaji sentensi moja tu, na UN ilikuwa inamjibu kwa waraka wenye malengo 23.

"Katibu Mkuu ndiye bosi"

Mkataba wa UN unamwita mtendaji mkuu wa utawala. Anaweza kuonya, kupatanisha na kupeleka jambo mbele ya Baraza la Usalama. Hawezi kuiamuru nchi hata ndogo kiasi gani. Trygve Lie, wa kwanza kushika wadhifa huo, alipokuwa anampokea Dag Hammarskjöld mwaka 1953 alimwambia kwamba anaingia kwenye kazi isiyowezekana kuliko zote duniani. Wengi waliomfuata wangeitikia kwa kichwa.

"UN imeshindwa kusimamisha vita"

Hapa inafaa kuingia ukumbini. Meza imepinda kama kiatu cha farasi, viti 15 vya Baraza la Usalama vimeizunguka. Rais wa Baraza, nafasi inayozunguka kila mwezi, anawataka wanaounga mkono rasimu wanyooshe mikono. Inanyooka, tuseme, mikono 14. Anauliza wanaopinga. Unanyooka mmoja. Ukiwa ni wa Marekani, Urusi, Uchina, Ufaransa au Uingereza, rais anatangaza kwamba rasimu haikupita kwa sababu mwanachama wa kudumu ameikataa. Kazi imekwisha, na wala haijachukua dakika tano.

Kesho yake kichwa cha habari: "UN yashindwa." Nani ameshindwa hapo? Nchi 14 zilikubali. Watumishi walikuwa wameandaa nyaraka na wakalimani walikuwa kwenye vibanda vyao. Aliyezuia ana jina, ana bendera na ana balozi aliyenyoosha mkono mbele ya kamera. Mwandishi anapoandika "UN yashindwa" anamwangushia mwingine jumba bovu, na mwenye kura ya turufu anaondoka zake bila lawama.

Simaanishi kwamba mpangilio huo ni wa haki. Turufu hiyo waliwekewa washindi wa vita vya 1945, wakati UN ilikuwa na wanachama 51, na kuiondoa kunahitaji ridhaa ya hao hao walio nayo. Kuna mabadiliko madogo ambayo watu wengi hawajayasikia: tangu Aprili 2022, kura ya turufu ikipigwa, Baraza Kuu hulazimika kukutana ndani ya siku kumi za kazi kulijadili jambo hilo, na aliyeipiga hupewa nafasi ya kueleza kwa nini. Haimzuii. Inamtoa mafichoni tu. Ningekuwa afisa habari wa UN, hilo ningelirudia mpaka watu wachoke.

"UN ina jeshi lake"

Haina. Kofia za buluu, yaani walinda amani wake, ni askari wa kuazima, wanaotolewa na nchi kama Nepal, Rwanda, Bangladesh na India. Jambo hili si dogo, kwa sababu askari akibaka au akidhulumu raia, UN inaweza kuchunguza na kumrudisha kwao, lakini mamlaka ya kumshtaki ni ya nchi yake. Anayeona mkosaji amepandishwa ndege na hajafikishwa mahakamani husema UN inamkingia kifua. Wakati mwingine UN kweli imelegea. Wakati mwingine ni nchi yake ndiyo iliyokalia faili.

"Inakula mabilioni ya dunia"

Bajeti ya kawaida ya Sekretarieti kwa mwaka 2025 ilikuwa kama dola bilioni 3.7. Serikali ya jiji la New York, lenye makao makuu ya UN, peke yake hutumia zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka. Ulinzi wa amani una bajeti yake mbali, na UNICEF, shirika lake la watoto, haipati fungu katika michango ya lazima. Kila senti yake ni ya hiari. Ubadhirifu upo, na warsha zisizo na kichwa wala miguu zipo. Ila ukiitafuta pesa inayoweza kuokoa dunia, humo hutaikuta.

"Mtu wa kawaida hapati kitu"

Kama una pasipoti, ifungue ukurasa wenye picha yako. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi na namba, iliyojazwa alama kama vichwa vya mishale. Mashine ya uwanja wowote wa ndege inaisoma kwa sababu Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliweka kanuni moja ya jinsi inavyoandikwa. Msimbo wa nchi unaotangulia namba ya simu unatoka kwenye muungano wa mawasiliano, ITU, ulioanza mwaka 1865, na barua huvuka mipaka kwa kanuni za Umoja wa Posta wa mwaka 1874. Yote mawili ni makongwe kuliko UN yenyewe, ambayo ilikuja kuyachukua kama sehemu ya familia yake.

Kisha kuna ndui. Mgonjwa wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977. Alipona, na miaka mingi baadaye akajitolea kuhamasisha chanjo ya polio. Mwaka 1980 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Sifa si za shirika peke yake. Wachanjaji waliotembea kijiji kwa kijiji walikuwa watu wa nchi hizo hizo. Shida ya mafanikio ya namna hii ni kwamba hayapigiki picha. Ugonjwa usiokuwepo haumkumbushi mtu lolote.

"Jina likichafuka, dawa ni matangazo"

Hii ni dhana ya walio ndani, na naiona ndiyo mbaya kuliko zote. Mwaka 1946 Baraza Kuu lilipounda idara ya habari liliiagiza iwaeleweshe watu wa dunia kazi na malengo ya UN, na likaionya isifanye propaganda. Onyo zuri. Tangu mwigizaji Danny Kaye aitwe balozi wa UNICEF mwaka 1954, watu mashuhuri wamesaidia kuchangisha fedha nyingi, lakini picha ya nyota akiwa amempakata mtoto haimjibu mtu mwenye swali gumu.

Swali gumu lilikuja Haiti. Oktoba 2010 kipindupindu kilizuka kwenye mto ulio jirani na kambi ya walinda amani kutoka Nepal, ambayo maji yake machafu yalikuwa hayadhibitiwi ipasavyo. Wakaguzi wa kisayansi wakafuatilia chanzo, na ushahidi ukaelekeza kidole kambini. Watu wapatao 10,000 walikufa. UN ilifanya nini? Ilifunika kombe. Mwaka 2013 ikawaandikia mawakili wa waathirika kwamba madai yao hayapokeleki, ikijificha nyuma ya kinga yake ya kisheria. Hakuna bango wala balozi mwema ambaye angefuta barua ile.

Ilipofika Desemba 2016 ndipo Katibu Mkuu Ban Ki-moon, wiki chache kabla ya kuondoka madarakani, aliposimama mbele ya Baraza Kuu na kuomba radhi, akianza kwa Kikrioli cha Haiti ili waliofiwa wamsikie bila mkalimani. Ilikuwa imechukua miaka sita. Alitangaza pia mpango wa dola milioni 400 wa kupambana na ugonjwa na kuwasaidia waathirika, na akaziomba nchi wanachama zichangie. Wajumbe walimsikiliza. Kisha wengi wao wakarudi kwao, na ikapatikana sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Huko Haiti watu wakasema UN imevunja ahadi, na orodha ya nchi ambazo hazikutoa hata senti haikusomwa popote.