Saratani ya Mfupa kwa Watoto: Kwa Nini Kukata Mguu Hakukutosha

Mpaka miaka ya 1960, mtoto aliyegundulika na osteosakoma, saratani ya mfupa inayopenda kuanzia karibu na goti, alikatwa mguu. Kidonda kilipona, akapewa magongo, akarudi nyumbani. Miezi michache baadaye akaanza kukohoa. Walionusurika walikuwa takriban mmoja kati ya watano, pengine pungufu. Daktari wa upasuaji hakukosea. Seli za saratani zilikuwa zimeshamtangulia mapafuni, chache mno kuonekana kwenye eksirei.

Dk. Norman Jaffe, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Boston, Marekani, aliamua kuzifuata huko huko. Silaha yake ilikuwa metotreksati, dawa iliyokuwepo tayari, ila yeye aliitoa kwa dozi ya kutisha. Metotreksati huizuia seli kutumia folati, aina ya vitamini B, na bila folati seli haijigawi. Siku hizi tunatoa gramu 12 kwa kila mita mraba ya eneo la nje la mwili. Ni dozi ya kuua, na ingeua kweli kama saa 24 baadaye tusingeanza leukovorini, inayozipa seli zenye afya folati kwa njia ya mlango wa nyuma.

Wodini kazi kubwa ni mkojo. Dawa hii ikikutana na mkojo wenye asidi huganda kama chembe za chumvi na kuziba figo. Basi dripu ya maji na sodiamu baikaboneti, ya kupunguza asidi, haikatiki, na kila mtoto anapokojoa, hata saa nane za usiku, muuguzi huchovya kikaratasi cha kupima asidi na kutazama rangi. Wazazi hutucheka, kisha nao wanaanza kutuitia: “Sista, amekojoa!”

Mwaka 1974 Jaffe na wenzake walichapisha matokeo yao. Wapo waliobisha kwamba wagonjwa walikuwa wameanza kuishi zaidi hata bila dawa. Ubishi ule ulikuwa wa haki, kwa maoni yangu, maana ulilazimisha jaribio la kulinganisha. Daktari Michael Link na wenzake wakalifanya, wakatoa majibu mwaka 1986: baada ya miaka 2, waliofanyiwa upasuaji peke yake ni asilimia 17 tu ambao ugonjwa haukuwarudia, na waliopewa dawa baada ya upasuaji ni asilimia 66.

Jaffe wakati huo alikuwa ameshahamia MD Anderson, hospitali ya saratani iliyoko Houston, akiingiza sisplatini, dawa nyingine ya saratani, moja kwa moja kwenye ateri inayolisha uvimbe, kabla ya upasuaji. Uvimbe ukidhoofika, wapo wanaotolewa kipande cha mfupa na kubaki na mguu wao.

Tangu hapo hatujasogea sana. Dawa zetu kuu bado ni za enzi zile. Ugonjwa ukishaonekana mapafuni, nafasi ya kupona hupungua mno. Nami bado napokea watoto waliochuliwa goti kwa miezi, mafuta ya moto juu ya uvimbe, wakati maumivu yaliwaamsha kila usiku na hakuna aliyewapeleka kupigwa picha.