Je, wajua kwa nini Harrier zimejaa Mombasa na F-150 haionekani?

Pikapu za Ford za F-Series, F-150 ikiwa mojawapo, zimeongoza mauzo ya pikapu Marekani tangu 1977. Hapa, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, unaweza kumaliza mwezi bila kuiona hata moja. Kuna fumbo jingine lililo karibu zaidi nasi: Harrier za 2014 hadi 2017 ziko kila kona ya Nyali na Bamburi, ilhali RAV4 za miaka hiyohiyo, gari lililouzwa sana duniani, ni za kutafuta kwa tochi.

Wengi husema ni Mkenya kuipenda Toyota. Lakini RAV4 nayo ni Toyota, kwa hiyo mapenzi hayaelezi kitu. Ukweli ni kwamba kinachofika barabarani kwetu huchujwa mapema. SUV zetu huchaguliwa kwenye minada ya Japani, na pikapu zetu huchaguliwa kwenye viwanda vya kuunganisha magari humuhumu Kenya. F-150 haina nafasi kwa njia zote mbili.

Tuanze nayo. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 kinataka gari linaloingia nchini liwe na usukani wa kulia na lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. F-150 hutoka kiwandani na usukani wa kushoto pekee. Australia wanaiuza tangu 2023, lakini kila moja hufumuliwa kwanza Melbourne: dashibodi, mfumo wa usukani, pedali, nyaya, waipa, yote yanahamishwa upande. Kazi hiyo huongeza bei kwa kiasi kikubwa, na gereji ya mtaani isiijaribu, kwa sababu usukani na breki ndivyo vitu vya kwanza kukuua vikifungwa vibaya. Hata ingeruhusiwa, ile ya milango minne ina urefu wa karibu mita 5.9 na upana wa mita 2.03 bila vioo vya pembeni. Hilux ina upana wa mita 1.855 na bado hubanwa Mji wa Kale.

Mbona basi Ford haikujisumbua kuitengeneza ya usukani wa kulia tangu mwanzo? Hapa kuku wanaingia. Mwaka 1962 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akalipiza kwa ushuru wa asilimia 25 juu ya wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori madogo. Vingine viliondolewa baadaye, ila ushuru wa malori madogo, pikapu zikiwemo, upo hadi leo. Nyuma ya ukuta huo Ford, Chevrolet na Ram wamepigana wenyewe kwa wenyewe kwa pikapu kubwa zenye faida nono, bila kuhitaji wateja wa ng'ambo. Toyota ilipotaka kushindana kwa dhati ilibidi Tundra iundwe Marekani kwenyewe. Na ukuta huo umewahi kumchoma hata mwenyeji: Ford ilikuwa ikileta vani za Transit Connect kutoka Uturuki zikiwa na viti vya nyuma ili zihesabiwe kama magari ya abiria, kisha viti vinang'olewa baada ya kupita forodha. Mwaka 2024 ilikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza kesi hiyo.

Ford Ranger unayoiona hapa usiichanganye na hayo. Ile hutengenezwa pia ya usukani wa kulia, na huundwa Thailand na Afrika Kusini.

Sasa SUV. Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huona heri kuuza kuliko kulipa tena, magari yanaingia mnadani, halafu yanapakiwa melini kuja Kilindini. KRA hukadiria ushuru kwa bei ya gari likiwa jipya, kisha hupunguza kulingana na umri, kwa hivyo wanunuzi wengi hukimbilia magari ya miaka sita au saba, kabla mlango wa miaka minane haujafungwa. Kwa maneno mengine, SUV inayotamba Mombasa leo ni ile iliyotamba Japani miaka saba iliyopita.

Ndipo RAV4 ilipokwama. Kizazi chake cha nne, kilichozinduliwa duniani mwishoni mwa 2012, hakikuuzwa Japani kabisa. Toyota iliendelea kuwauzia Wajapani kile cha tatu hadi 2016, ikasimama, kisha ikarudi na kizazi cha tano Aprili 2019. Pengo hilo lilijazwa na Harrier mpya ya mwishoni mwa 2013, na wapinzani wake wakaja na meli zilezile: Mazda CX-5, Nissan X-Trail na Subaru Forester. Muuzaji wa yadi ya Mombasa hakuchagua kitu hapo.

Kodi nayo huchagua injini. SUV ya petroli inayozidi cc 3,000, au ya dizeli inayozidi cc 2,500, hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 badala ya 25. Prado ya petroli ya lita 2.7 inapita chini ya kamba, ile ya dizeli ya lita 2.8 inagonga kichwa. Anayekwambia ya dizeli ni ghali kwa sababu "ni nguvu" hajakwambia yote. CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 inapita salama.

Kupita forodhani si kupita kwa fundi, lakini. Dizeli hiyo ya Mazda ina kichujio cha masizi ambacho hujisafisha kwa kuchoma masizi, na kwa kazi hiyo injini hunyunyiza dizeli ya ziada. Safari zikiwa fupi, mathalani Tudor hadi mjini na kurudi, usafishaji hukatizwa njiani, dizeli inateremkia kwenye oili, oili inapanda na kuwa nyepesi, na beringi na turbo zinalika. Vuta kijiti cha oili: ikivuka alama ya juu, au ikinuka dizeli, usinunue kabla oili haijamwagwa na kichujio kukaguliwa kwa kompyuta. Gari hilo linamfaa mtu wa Malindi na Voi, anayekimbia nusu saa au zaidi bila kusimama.

X-Trail za petroli na Harrier za lita 2.0 zisizo na turbo zina giaboksi ya CVT, yaani otomatiki ya mkanda badala ya gia, ambayo adui yake ni joto na oili chakavu. Msongamano wa Changamwe na jua letu humpa adui huyo nafasi nzuri. Usilijaribu gari likiwa baridi pale yadi. Liendeshe dakika 20, kisha lipandishe mlima wa Mazeras. Injini ikipiga kelele bila gari kuongeza mwendo, au likatetemeka ukiondoka polepole, giaboksi inaomba pesa. Oili yake ni ile ya CVT iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Fundi anayetaka kumimina oili ya otomatiki ya kawaida, ondoka na funguo zako.

Omba pia karatasi ya mnada. Herufi S maana yake ni kutu, C ni kutu iliyokwishakula bati, na R kwenye nafasi ya gredi inaonyesha gari lililotengenezwa baada ya ajali. Gari la kaskazini mwa Japani limetembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na hapa linakuja kupokewa na chumvi ya bahari.

Pikapu ni habari nyingine. Hilux haikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017, na Isuzu D-Max haiuzwi huko, kwa hivyo minada ina machache mno ya kutupa. Vita hapa ni vya kuunganisha vipuri: D-Max kiwandani Nairobi, Hilux na Land Cruiser za mfululizo wa 70 kule Miritini. Gari lililounganishwa nchini halilipi ushuru wa bidhaa, na vipuri vyake vya kuunganishia haviguswi na ushuru wa forodha. Wanunuzi wakubwa ni serikali, makampuni na mashirika, nao hutazama mkataba wa huduma na spea kabla ya kutazama sura. Kwa maoni yetu ushindani huu wa mbili ndio mkali kuliko wote nchini, ingawa hauna kelele ya matangazo.

Na RAV4 za 2019 kuendelea, zile za kizazi cha tano, sasa zinateremka Kilindini. Ukipewa ya haibridi yenye mota ya nyuma, ingia chini uangalie kebo nene ya rangi ya chungwa inapoingia kwenye mota hiyo. Kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani, kiungio cha kebo hiyo kwenye magari ya 2019 hadi 2021 kimejulikana kwa kuliwa na kutu, na ikifika hapo hununuliwa kebo nzima. Ukiinuka, fungua mlango wa nyuma, tafuta tundu la hewa la kupozea betri karibu na kiti, na usafishe kichujio chake kabla ya kulipia gari.