Acheni kuwaambia watoto wa Wamakonde "wasahau kwao"

Limesemwa tena, safari hii matangani, na mtu mwenye nia njema kabisa: "Vitambulisho wameshapata. Sasa hao vijana waache Umakonde wao, wawe Wakenya kamili." Watu wakaitikia. Mimi nikanywa kahawa yangu nikanyamaza, maana matangani si mahali pa kugombana. Lakini hapa ni kwangu, kwa hiyo nitagombana.

Kazi yangu ni usaidizi wa kisheria huku Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Nawajazia watu fomu, nasaka kadi za kliniki zilizoliwa na mchwa, namfuata chifu nyumbani atie muhuri, nakaa na mtu kwenye benchi akisubiri kuitwa. Wengi wanaonijia ni watoto na wajukuu wa waliotoka nje: Wamakonde wa Msumbiji waliokuja kwa mkonge na miwa, Wapemba waliokuja kwa samaki, na wengine ambao bado hawajulikani ni wa kundi gani.

La sheria nilimalize upesi, kwa sababu mabishano yote huanza hapo, na huanza vibaya. Kuzaliwa Kenya hakukufanyi Mkenya. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinamtazama mzazi: raia kwa kuzaliwa ni yule ambaye siku ile alipozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia. Asiye na mzazi raia, hata kama kitovu chake kimezikwa Msambweni, ni lazima aombe. Sheria ya uraia ya 2011 iliwafungulia njia wasio na nchi yoyote waliokuwa wakiishi hapa tangu 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao, tena kwa muda maalumu. Kabla ya hapo, baba asiye na karatasi alizaa mtoto asiye na karatasi, naye mtoto akazaa mjukuu wa namna hiyo hiyo. Basi, tuendelee.

Wanaosema "wasahau kwao" hawajui kwamba Wamakonde wengi wa hapa walishajaribu kusahau, tena kwa bidii. Babu zao walianza kuja tangu miaka ya 1930, Mreno akitawala kule na Mwingereza huku. Walikata mkonge, wakafanya kazi kwenye sukari ya Ramisi. Kiwanda kilipokufa, wao walikuwa wameshaoa, wameshazika wazee, wameshapanda minazi. Wakabaki, bila kitambulisho. Bila kitambulisho hupati kazi ya mshahara wala akaunti ya benki, laini ya simu imesajiliwa kwa jina la jirani, na hivyo pesa za M-Pesa ni za jirani pia mpaka atakapoamua vingine. Kijana afanye nini? Anakuwa Mdigo, yaani anajiandikisha kama mtu wa kabila la wenyeji wa huku. Anatafuta mzee wa Kidigo mwenye huruma, au mwenye shida ya pesa, akasimame naye mbele ya chifu aseme "huyu ni mwanangu". Anachukua ubini wa mzee yule, anajibu maswali mawili matatu kwa Kidigo safi, maana ndicho alichokulia, anachukuliwa alama za vidole, anaenda zake.

Sasa angalieni matunda yake. Niliwahi kutandaza mezani karatasi za ndugu watatu wa tumbo moja. Mkubwa ana ubini wa jirani mmoja. Wa pili ana ubini wa mzee wa kijiji kingine kabisa, ambaye hata hamkumbuki sura. Wa mwisho, aliyekuwa bado mdogo wakati huo, alingoja mpaka 2017 na akaandikwa jina la baba yao wa kweli. Kwa mujibu wa serikali watu hawa watatu hawajuani. Baba yao amefariki, ameacha nyumba ya udongo na minazi. Nenda mahakamani ukathibitishe kwamba ni ndugu! Mwenye karatasi zinazomtaja marehemu ni kitinda mimba peke yake, na kaka zake, waliofanya kila ambacho watu wa matangani wanataka wafanye, wamekuwa wapita njia kwenye urithi wa baba yao. Kesi za aina hii sizitafuti, zinakuja zenyewe.

Waliofungua mlango ni wale waliokataa kusahau. Oktoba 2016 Wamakonde walitoka Kwale kwa miguu wakielekea Ikulu ya Nairobi. Walikwenda kwa jina lao, na wazee walioweza kusema babu fulani alifanya kazi shamba fulani chini ya mnyapara fulani. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe kabla ya mwaka kuisha, nao wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatangazwa la 44. Desemba 2020 ikawa zamu ya Washona wa Kiambu, ambao wazee wao walikuja na kanisa lao miaka ya 1960 kutoka iliyokuwa Rhodesia. Wapemba wakafuata 2023. Hakuna hata kundi moja kati ya haya lililoambiwa "ninyi ni watu, mmezaliwa hapa, karibuni". Wote walipokelewa kama kabila. Fomu ya kuombea kitambulisho yenyewe inauliza kabila. Kwa hiyo tunamtaka mtu aonyeshe kabila ndipo tumkubali, na tukishamkubali tunamwambia kabila alitupe. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuona kwamba hapo pana kasoro.

Na hapa ndipo huwa napandwa na hasira. Mdigo yule yule anayemwambia jirani yake Mmakonde asahau alikotoka, jioni anawasimulia wajukuu habari za Shungwaya, jinsi Wamijikenda, ambao Wadigo ni miongoni mwao, walivyoshuka kutoka kaskazini mpaka kwenye makaya, vijiji vyao vya kale vya msituni. Anasimulia kwa fahari, na ana haki. Mjaluo atakueleza wazee wake walivyoufuata mto Nile. Hakuna anayemwita mtoto wa Kijaluo kando amuulize kama si wakati sasa wa kuachana na Nile. Kuhama kwao kunaitwa historia, kuna ramani yenye mishale kwenye kitabu cha shule. Kuhama kwa Mmakonde, kwa kuwa kulitokea juzi na kulivuka mstari uliochorwa na Mzungu, kunaitwa ugeni. Naomba mtu anieleze ni miaka mingapi inatakiwa ipite ili safari ya babu yako igeuke kutoka ugeni kuwa historia. Mia? Mia tatu? Nitaiandika mahali niwe nawaambia wateja.

Mtasema natetea asili kwa nguvu zote. Ngojeni.

Habari ya Wapemba huwa inanichanganya hata mimi. Kisiwani Pemba kwenyewe, Mpemba ni mtu wa Pemba, kama vile Muunguja ni mtu wa Unguja. Kwa upande huu wa Vanga na Shimoni, kisiwa kimegeuka kabila. Wako waliokuja zamani na ngalawa wakifuata pepo na samaki, wako waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1964, wako waliofika Shimoni kwa mashua Januari 2001 baada ya damu kumwagika kule. Wakaoa wenyeji wa huku, Wavumba na Wadigo. Bila kitambulisho hupewi leseni ya uvuvi, kwa hiyo chombo kikaandikwa jina la mke au la shemeji. Sasa mtoto wa ndoa ile, aliyezaliwa Shimoni, anaandikwa kabila Mpemba. Je, huo ni urithi wa babu yake? Babu yake angeshangaa kusikia kwamba hilo ni kabila. Jina hilo limepata maana hiyo huku, kwenye foleni za huku, kwa shida za huku. Sisemi ni la uongo. Nasema tunapomwambia mtoto "shika asili yako", mara nyingi tunamkabidhi kitu kilichoshonwa upya Kenya, halafu tunajifanya kimetoka sandukuni kwa bibi.

Kwa Wamakonde fumbo ni gumu zaidi, na ndilo ambalo waandishi wa habari huliruka kila mwaka wanapokuja kupiga picha za vinyago. Wamakonde kwa mila huhesabu ukoo kuukeni. Mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ana sauti. Wadigo nao zamani walihesabu hivyo hivyo, kabla uzito haujahamia kwa baba. Chukua basi mtoto wa mama Mmakonde na baba Mdigo. Kwa mila ya mama ni Mmakonde. Kwa mazoea ya fomu, yanayofuata baba, ni Mdigo. Geuza: baba Mmakonde, mama Mdigo. Fomu itamwita Mmakonde. Lakini kwa mila ya Wamakonde wenyewe si mtoto wao, ni wa watu wa mama, na kwa mila ya kale ya Wadigo ni mtoto wao! Ina maana karatasi zinaweza kumsajili mtoto kwenye kabila la 43 wakati kabila lenyewe, kwa kanuni zake, lingemrudisha kwa wajomba zake Wadigo. Nimejaribu kumweleza afisa mmoja jambo hili. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema nafasi kwenye fomu ni moja.

Kulikuwa na binti wa miaka kumi na minane, wa mfano ule wa kwanza. Alikuja na mjomba wake. Baba alikuwa baharini. Tukafika kwenye kabila, kalamu ikasimama.

"Andika Mmakonde, mwanangu," mjomba akasema.

"Mjomba, mimi hata kusalimia kwa Kimakonde sijui."

"Utajifunza. Sisi tulitembea mpaka Nairobi kwa sababu gani?"

Akanigeukia mimi. "Dada, nikiandika Mmakonde, watanisumbua?"

Ningependa kumwambia hapana. Nikamwambia ukweli, kwamba huenda akaulizwa maswali ambayo Mdigo haulizwi, labda karatasi za bibi, labda arudi wiki ijayo. Akaandika Mdigo. Mjomba alitoka nje, na mpaka leo salamu yake kwangu ni ya kutoka mbali.

Hapo sina jibu, na simwamini anayedai analo. Yule binti hakukana asili yake; alikwepa foleni. Lakini wakifanya hivyo wote wenye nafasi ya kuchagua, sensa ijayo itahesabu Wamakonde wachache zaidi, na kundi dogo likizidi kuwa dogo, sauti yake serikalini inapungua. Je, ni haki kumtwisha sensa binti anayetaka tu kujiunga na chuo? Mjomba angesema ndiyo, na mjomba ana hoja, maana miguu iliyovimba njiani ni yake. Mimi nilisema hapana, na siku nyingine nasita.

Kuna kitu kingine kinanisumbua, nacho ni ngoma. Tangu Umakonde uanze kuwa na faida, kila akija mgeni wa heshima watoto wanatolewa darasani wacheze sindimba. Wapo wanaoipenda; nawajua, hata wakiwa peke yao utawasikia wakipiga madebe. Wapo wanaosukumwa. Kifungu cha 44 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha anayoitaka na kushiriki utamaduni anaoutaka, na kifungu hicho hicho kinakataza kumlazimisha mtu kufuata mila au desturi yoyote. Watu wetu husoma nusu inayowafaa. Watu wa matangani wanaruka nusu ya kwanza, wazee wa ngoma wanaruka ya pili.

Mtu ataniambia Tanzania wametatua hili, hawana kabila kwenye fomu. Ni kweli kiasi. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya Warundi 162,000, waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na vizazi vyao, na hakuna aliyeambiwa kwanza aunde kabila. Lakini mwanzoni sharti lilikuwa wahame Katumba, Mishamo na Ulyankulu, makazi waliyoyafyeka wenyewe porini, watawanywe mikoa mingine ili wachanganyike. Mpango huo ukaja kuachwa baada ya miaka ya watu kukaa hawajui kama walime au wafunge mizigo. Kule nako palikuwa na mtu mwenye nia njema aliyeamini kwamba uraia hauingii mpaka kitu fulani kitoke.

Anayeniuliza kama mtoto wake aandike asili ya babu au asiandike, huwa namjibu kwa kuuliza jina gani liko kwenye cheti cha kuzaliwa, na la baba yake liko kwenye nini. Majina ya wazazi yawe ya kweli, hata kama yanachelewesha. Kabila nitakueleza nini kinaweza kutokea kwa kila jibu, kisha utaandika mwenyewe, na mjomba akasirike na mimi. Wenye watoto wa darasa la sita wanaohitaji vyeti vya kuzaliwa kwa ajili ya mtihani, njooni sasa, msingoje muhula wa pili. Leteni kadi ya kliniki, nakala ya kitambulisho cha mzazi mmoja angalau, na barua ya chifu yenye tarehe. Kimakonde si lazima. Na tafadhali, msilete ngoma.