Je, wajua wanaanga wanaelea kwa nini? Sio kwamba huko juu hakuna mvuto

Hili swali nililikosea mwenyewe, tena mbele za watu. Jioni moja pale mwaloni Kirumba, Mwanza, kile kituo cha anga cha kimataifa kikapita, kanukta keupe kanakwenda bila kuwakawaka, nikaanza kuwaelezea jamaa kwamba mle ndani watu wanakaa miezi sita sita wanaelea tu maana huko juu hakuna mvuto wa dunia. Mzee mmoja wa dagaa akaniuliza, "Sasa kijana, mwezi si uko mbali zaidi ya hicho, wenyewe umeshikwa na nini?" Nikakosa jibu. Na mwezi anaujua kuliko mimi, ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa.

Mvuto upo, tena mwingi. Kituo kiko kama km 400 juu, yaani ukiulaza huo umbali kuanzia Mwanza unavuka ziwa, unaipita Kampala kidogo, basi. Hapo mvuto bado ni karibu 90% ya huu wa chini. Ungejenga mnara wa urefu huo ukapanda na mzani wako usingeelea hata kidogo, mwenye kilo 70 angesoma kama 62, na akiteleza anadondoka vizuri tu.

Wanaelea kwa sababu wanadondoka. Chukua chupa ya maji, toboa karibu na kitako, jaza, maji yanaruka nje. Sasa iachie kutoka ghorofani: ikiwa inashuka maji yanaacha kutoka! Mvuto haujazimika, ila chupa na maji vinaanguka pamoja kwa mwendo uleule kwahiyo hakuna anayemkandamiza mwenzake. (Nililowesha ngazi nzima nikihakikisha.)

Ila mbona hawafiki chini? Simama juu ya jiwe urushe kokoto ziwani, ukiongeza nguvu inaangukia mbali zaidi. Kituo kinakimbia kama km 7.7 kwa sekunde, Mwanza hadi Kampala sekunde 42 hivi, na kila sekunde kinadondoka mita 4 na kitu, lakini kwa umbali huo dunia nayo imejikunja mita hizohizo, kwahiyo kinaanguka ardhi inakikwepa, kinaanguka inakikwepa, dakika kama 90 mzunguko mmoja. Sio milele lakini, maana huko bado kuna hewa nyembamba sana inayokikwaruza, inabidi mara mojamoja kisukumwe juu.

Sasa mwili unaodondoka miezi unaona hauna mzigo, mifupa inapungua kama 1% kwa mwezi, ndo maana wanapiga mazoezi kama masaa mawili kila siku. Waliopitisha mwaka mfululizo ni wa kuhesabu, Valeri Polyakov siku 437 kwenye Mir, kile kituo cha zamani cha Warusi, Frank Rubio 371 kwenye hiki cha sasa, kwahiyo ukisikia mtu anatamba eti tunajua kabisa mwili utafanyaje safari ya Mars, punguza kidogo.