“Wanataka kumjaribia mwanangu dawa”: dhana na ukweli kuhusu utafiti wa tiba za watoto

Neno utafiti likitajwa katika wadi ya watoto hapa Nairobi, wazazi wengi hushtuka. Siwalaumu. Mtoto amezidiwa, hujalala, halafu anakuja mtu na fomu ya kurasa kadhaa akitaka sahihi. Lakini mengi tunayoambiana kwenye benchi la kliniki si kweli, na yanastahili kujibiwa.

“Daktari anajua tiba bora. Kugawa watoto kwa kura ni kuchezea maisha yao.”

Hii ndiyo dhana inayonisumbua zaidi, kwa sababu inasikika kama busara.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye mikono na miguu yake imekuwa baridi, kwa kuwa damu haizunguki sawasawa, lazima amiminiwe maji mengi ya dripu haraka. Ilifundishwa vyuoni na kuandikwa kwenye miongozo. Kisha Profesa Kathryn Maitland na wenzake wakaipima Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa kituo kimojawapo. Watoto zaidi ya 3,000 waligawanywa kwa kura. Baadhi walipata maji ya haraka, wengine yale ya polepole, na wote wakapewa matibabu mengine ya kawaida.

Baada ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa maji haraka, takriban 11 walikuwa wamefariki. Kwa wale wa maji ya polepole, 7. Mapema mwaka 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilisimamisha usajili kabla idadi iliyopangwa haijatimia. (Watoto wa kuhara hawakuhusishwa. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara bado anahitaji kurudishiwa maji, tena upesi.)

Fikiria kama kura ile isingepigwa. Daktari mwenye nia njema kabisa angeendelea kumimina, mtoto angefariki, na sote tungesema ugonjwa ulimshinda. Nani angejua?

“Wengine watapewa dawa, wengine maji matupu.”

Ugonjwa mkali ukiwa na tiba inayojulikana, kundi la kulinganisha hupewa tiba hiyo. Utafiti wa malaria kali uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika. Kundi moja lilipewa kwinini, iliyokuwa tiba ya kawaida, na jingine atesuneti. Hakuna aliyeachwa bila dawa. Waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki. Kwa atesuneti ilikuwa 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti kwa watoto wenye malaria kali.

“Ni Wazungu wanaotujaribia dawa za kampuni zao.”

Hofu hii haikutoka hewani. Waafrika waliwahi kutumiwa vibaya kwa jina la sayansi, na mzazi ana haki ya kuuliza. Ila leo jaribio la dawa nchini Kenya linahitaji kupitishwa na kamati ya maadili, inayokagua kama utafiti unawalinda washiriki, na Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia dawa nchini, kabla mtoto wa kwanza hajasajiliwa.

Tena maswali mengine ni yetu wenyewe. Daktari Ambrose Agweyu na wenzake walijiuliza kama mtoto mwenye nimonia, yule ambaye kifua chake hubonyea ndani anapovuta pumzi, lazima achomwe sindano za penisilini, au amoksilini ya kunywa inatosha. Walisajili watoto 527 katika hospitali 6 za Kenya. Matokeo yalitoka mwaka 2015: tiba ilishindwa kwa takriban watoto 8 katika kila 100, iwe sindano au dawa ya kunywa. Amoksilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na inapatikana hata kwenye duka la dawa la mtaani. Aliyewahi kumshika mtoto wake achomwe usiku wa manane anajua uzito wa jibu hilo.

“Saratani ya mtoto ni ya kuombewa tu.”

Miaka ya 1960, hapa hapa Hospitali ya Kenyatta, daktari Peter Clifford aliwatibu kwa dawa watoto wenye saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya, na baadhi yao waliishi miaka mingi baadaye. Katika nchi tajiri, watoto takriban 9 kati ya 10 wenye saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi utotoni sasa hupona. Hapakugunduliwa dawa moja ya ajabu. Ni jaribio baada ya jaribio, kila moja likiboresha kipimo au mpangilio wa dawa zilizokuwepo. Huku kwetu wengi hufika hospitali wamechelewa, au huacha matibabu katikati kwa kukosa pesa. Hilo linaniuma, na sio utafiti wa dawa utakaolitatua.

“Ukishatia sahihi, mtoto si wako tena.”

Unaweza kumtoa siku yoyote bila kueleza sababu, na matibabu yake ya kawaida yataendelea. Omba fomu usomewe kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Uliza ni nani atakayegharamia matibabu mtoto akidhurika, na upewe namba ya simu ya kamati ya maadili, si ya mtafiti pekee. Mtoto akiwa mkubwa wa kutosha kuelewa, naye huulizwa kama anakubali.