Kuskani mkataba si kuusimamia

Katika ofisi nyingi za Mwanza, kuanzia viwanda vya minofu ya sangara hadi kampuni za usafirishaji, utasikia: "Mikataba yetu yote iko kwenye mfumo." Ukichungulia, mfumo wenyewe ni folda la picha za PDF. Hilo ni kabati tu, ila halina vumbi.

Kazi kubwa ya mwanasheria wa kampuni huanza baada ya sahihi. Tuseme mkataba wa kununua barafu unajihuisha wenyewe usipotoa notisi siku 60 kabla haujaisha. Nani ataikumbuka tarehe hiyo? Ushuru wa stempu (kodi ya nyaraka) nao, kwa mikataba inayotozwa, una ukomo wake wa siku 30. Picha haimkumbushi mtu. Wala huwezi kutafuta neno ndani yake mpaka programu iyasome maandishi.

Halafu kuna kosa la kuutengeneza mfumo kwa ajili ya mwanasheria peke yake. Anayeomba mkataba ni ofisa manunuzi, pengine yuko soko la samaki la mwaloni Kirumba na simu mkononi. Mpe fomu ya visanduku 40, ataomba kwa WhatsApp na mfumo utabaki mtupu. Mimi ningeanza na vinne: upande wa pili ni nani, thamani, unaisha lini, nani anawajibika. Mengine ajaze mwanasheria.