Bomba likikauka, hita bado imejaa

Mvua zikikatika Mbeya, watu hupaka rangi, na hapo ndipo hita ya bafuni inaposhushwa ovyo. Mimi ni fundi bomba. Haya ndiyo ninayoyasikia kila msimu.

"Lazima umwage tanki lote la juu." Si kweli, na inaniuma kuona lita 1,000 zikienda mtaroni katika nyumba yenye maji ya mgao. Funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye hita, basi. Hita ikishashuka, ziba kwa plagi ncha za mabomba yote mawili yaliyounganishwa na hita, hata lile la moto, maana bomba la kuchanganyia maji ya moto na baridi linaweza kurudisha maji baridi kupitia njia ya moto. Nyumba itaendelea kutumia maji rangi ikikauka.

"Bomba la moto likiacha kutoa, hita ni tupu." Hii ndiyo inayoumiza watu. Ndani ya hita, maji baridi huingia chini, ya moto hutokea juu. Baridi ndiyo inayoyasukuma. Ukifunga baridi, bomba linakauka huku hita ya lita 50 ikiwa imejaa: kilo 50 za maji zimening'inia juu ya kichwa chako.

Kule Uyole nilimkuta kijana wa rangi ameshika spana, nati ameanza kuilegeza. "Fundi, hii haina kitu, bomba halitoi hata tone." Nikamwomba asubiri. Umeme ulikuwa umezimwa tangu jana yake, kwa hiyo maji yalishapoa. Tukaacha bomba la moto wazi ili hewa iingie, nikakinga ndoo chini ya valvu ya usalama, ile inayotoa maji shinikizo likizidi, nikanyanyua kikono chake. Ndoo ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa. Ya tatu ikakaribia nusu, na kijana akaiweka spana chini.

"Valvu ikidondosha ni mbovu, izibe." Usizibe kamwe! Maji yakipashwa hutanuka: lita 50 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka karibu robo tatu ya lita, na nafasi yake ya kutokea ni hapo tu. Ikidondosha usiku na mchana hata maji yakiwa baridi, hapo mwite fundi.

"Kuzima swichi ya ukutani kunatosha." Zima na breka, kisha pima nyaya kwa testa kabla ya kuzigusa.

"Ukishairudisha hita ukutani, washa ipate moto mapema." Baridi ya Juni inawafanya watu wakimbilie swichi. Kipashio, kile chuma cha ndani kinachopasha maji, kikiwashwa pakavu huungua upesi. Fungua koki ya baridi, fungua bomba la moto, usikilize. Litakohoa hewa, litatema maji, litakohoa tena. Maji yakitoka mfululizo bila kukatika, pitisha kidole kwenye kila nati. Zikiwa kavu zote, ndipo uwashe.